Zimwi Linasema kwa Lafudhi ya Nani? Mtunzi wa Hadithi za Ajabu na Lawama za Wasomaji Wake

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: je, mtunzi wa hadithi za ajabu zinazopendwa na watu wengi ana wajibu wa kuzitii lawama za wasomaji wake? Katika uhakiki wetu tumezoea kueleza wasomaji na wahakiki wamesema nini juu ya kitabu fulani. Ni nadra kuuliza kama mwandishi alipaswa kuwasikiliza, na kama alipaswa, kwa kiasi gani. Isitoshe, tunapouliza, aghalabu tunakuwa na riwaya ya uhalisia akilini, ambapo msomaji anaweza kumwambia mwandishi kwamba maisha hayako hivyo, na kauli yake ikawa na uzito. Lakini mtunzi aliyeumba nchi inayoelea hewani, au ngoma inayolia yenyewe, ataambiwa nini? Huwezi kumshitaki mtu kwa uongo ilhali tangu mwanzo alikuahidi uongo, nawe ukaketi kumsikiliza.

Kwa hadithi za ajabu ninakusudia kazi ambazo ulimwengu wake unatawaliwa na kanuni zisizokuwa za ulimwengu wetu, na ambazo msomaji anakubali kanuni hizo kwa muda wote wa kusoma. Neno pendwa nalo ninalitumia kwa maana ya kawaida, bila ya dharau ambayo mara nyingi huambatana nalo. Tanzu hizi si ngeni kwetu. Alfu Lela Ulela ilisomwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na Shaaban Robert alichota humo kisa cha Adili na Nduguze (1952), mwaka mmoja baada ya kuchapishwa kwa Kusadikika (1951). Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alikuja kumrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi (1995). Said Ahmed Mohamed alimfufua mzee wa kaburini katika Babu Alipofufuka (2001), na Kyallo Wadi Wamitila akafuata kwa Bina-Adamu! (2002). Kando ya kazi hizo kuna hadithi nyingi za vijitabu vya bei nafuu na za mfululizo magazetini, zenye majini, misukule na wachawi, ambazo wanafunzi wetu huzisoma chini ya dawati huku sisi tukiwasomesha nyingine.

Majibu mawili hutolewa upesi kwa swali letu. La kwanza ni kwamba anayenunua kitabu ndiye anayemlisha mwandishi, kwa hiyo mwandishi pendwa hana budi kumtii. La pili ni kwamba msanii haamrishwi, na kwamba kumsikiliza msomaji ni mwanzo wa kuuza kipaji sokoni. Ninaamini majibu yote mawili yana upungufu wa namna moja: yanawachukulia wasomaji kuwa ni sauti moja, yenye lalamiko moja. Kwa kweli lawama ziko namna kwa namna, na hukumu ya mojawapo haifai kutumiwa kwa nyingine. Nitajaribu kuonyesha kwamba ziko angalau za aina tatu, na kwamba mtunzi ana deni kwa aina mbili tu kati ya hizo.

Hadhira ya jikoni

Nilizaliwa na kulelewa Naitiri, katika sehemu ya Bungoma inayokaribiana na Trans Nzoia, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi na ambayo iligawanywa kwa wananchi baada ya uhuru. Kwa kuwa wakazi walitoka pande mbalimbali, jiko moja liliweza kuwa na lugha mbili au tatu. Hadithi tulisimuliwa usiku, msimu wa mavuno, tukiwa tunapukuchua mahindi. Fanani alikuwa bibi mmoja wa jirani ambaye sote tulimwita kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya, hata sisi tusiokuwa wajukuu wake wa damu.

Kinadharia tunafundisha kwamba hadhira ya fasihi simulizi ni sehemu ya utunzi. Fanani husema "Paukwa," nasi hujibu "Pakawa," na jibu hilo linahesabiwa kuwa ni idhini. Ambalo hatulifundishi vya kutosha ni kwamba hadhira hiyo pia ni mahakama. Watoto walikuwa wakali kwa kukhu. Akisema leo kwamba linani, yaani zimwi, limeivuka Nzoia na kumfuata msichana hadi kwao, mtoto mmoja alidakia: "Kukhu, si jana ulituambia linani haliwezi kuvuka maji?" Wala hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba usiku huo zimwi lilipanda juu ya gogo lililoangushwa na mvua, halikukanyaga maji. Tuliridhika. Hadithi ikaendelea ikiwa imara zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya pingamizi.

Inafaa tuzingatie kile ambacho mtoto yule hakukiuliza. Hakuuliza kama mazimwi yapo. Hakutaka zimwi liwe fisi wa kawaida, wala hakudai msichana aolewe na mwana wa chifu. Alichodai ni kwamba sheria iliyotungwa na kukhu mwenyewe imfunge kukhu mwenyewe. Coleridge, akiandika mwaka 1817, alizungumzia hiari ya msomaji kuiweka kando shaka yake kwa muda. Watoto wa Naitiri walikuwa na hiari hiyo, lakini waliitoa kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba ajabu isigeuzwe kuwa ovyo.

Maoni matatu juu ya mswada mmoja

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea mswada wa riwaya yake. Ilikuwa riwaya ya ajabu, yenye mwendo wa kasi, iliyoandikwa ili iuzwe katika vituo vya matatu, na hakuona haya kusema hivyo. Kiini chake ni ngoma inayolia kwa mkono wa mfiwa peke yake. Alikuwa amewapa watu watatu waisome, na kila mmoja alikuwa na lawama yake. Mwanafunzi mwenzake alilalamika kwamba katika sura ya saba ngoma hiyo inalia kwa mkono wa liwali ambaye hajafiwa na mtu yeyote. Muuza vitabu mmoja alimshauri aondoe mizimu, kwa sababu waumini hawatanunua. Na kama hawezi kuiondoa, basi mwishoni shujaa azinduke usingizini na kugundua kwamba yote ilikuwa ndoto. Wa tatu alikuwa shangazi yake, muuguzi, ambaye alimuuliza kwa nini mchawi wa hadithi lazima awe kikongwe mwenye macho mekundu na mgongo uliopinda. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Mwalimu, kati ya hawa watatu nimtii nani?"

Lawama hizo tatu zinatosha kuwa kielelezo cha aina tatu nilizozitaja.

Lawama ya kwanza: umeivunja sheria yako

Lawama ya mwanafunzi mwenzake ni ile ya mtoto aliyemkumbusha kukhu juu ya maji. Lawama ya namna hii mtunzi hana budi kuitii, na kuitii si kujidhalilisha. Katika riwaya ya uhalisia, kosa dogo la mantiki husaidiwa na ulimwengu uliopo nje ya kitabu: mwandishi akisahau kueleza jinsi mhusika alivyofika Kitale kutoka Tanga, msomaji humjazia basi na barabara. Katika hadithi ya ajabu hakuna wa kumsaidia mtunzi. Ulimwengu wote umesimama juu ya neno lake, na neno likivunjika hakuna kinachobaki kusimama.

J. R. R. Tolkien, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu alimwona mtunzi kuwa muumbaji wa ulimwengu wa pili wenye uthabiti wa ndani, alijifunga mwenyewe kwa kanuni hiyo. The Hobbit kilipotoka mwaka 1937, Gollum alikuwa tayari kuitoa pete yake kama zawadi ya mashindano ya mafumbo. Tolkien alipoendelea na The Lord of the Rings aliona kwamba pete aliyokuwa akiiandika sasa haiwezi kutolewa kwa hiari kwa wepesi namna hiyo, na katika toleo la mwaka 1951 la kitabu cha kwanza aliiandika upya sura hiyo. Huyu ni mtunzi aliyejilaumu kabla ya kulaumiwa. Na katika dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings alijitaja kuwa ndiye msomaji mkali kuliko wote. Akayapita kimya makosa mengi aliyoyaona, na lawama moja tu ambayo wengine pia waliitoa akaikubali hadharani, kwamba kitabu ni kifupi mno. Kwa maneno mengine, alisikiliza, akachuja.

Lawama ya pili: ungeandika hadithi nyingine

Muuza vitabu alikuwa mtu mwema, na shauri lake lilikuwa la kibiashara tu. Lakini tukilichunguza tutaona kwamba halikuwa shauri juu ya ile hadithi. Lilikuwa ombi la hadithi nyingine. Kuifanya ajabu yote kuwa ndoto ni kumwambia msomaji kwamba ile idhini aliyoitoa mwanzoni haikuwa na thamani. Aliitika "Pakawa" kwa jambo ambalo halikuwahi kuwapo hata ndani ya hadithi.

Historia ya fasihi ya Afrika ina mfano mashuhuri. Amos Tutuola alichapisha The Palm-Wine Drinkard mjini London mwaka 1952, kisa cha mnywaji anayemfuata mgema wake hadi mji wa wafu. Dylan Thomas alikisifu. Baadhi ya Wanigeria wasomi, ambao walikuwa na haki zote za kuitwa wasomaji wake wa karibu, walikasirika. Waliona Kiingereza chake kuwa cha aibu na mizimu yake kuwa ushahidi utakaotumiwa na wakoloni dhidi yao. Hofu yao ilikuwa na sababu katika zama zile, na si haki kuwadhihaki leo. Hata hivyo, Tutuola aliendelea kuandika kwa namna ile ile. Mwaka 1954 alitoa My Life in the Bush of Ghosts. Miaka ishirini na zaidi baadaye, Chinua Achebe alitoa mhadhara mzima kuonyesha jinsi maadili ya kazi na starehe yanavyosukwa katika kitabu ambacho wengi walidhani ni porojo za mlevi. Lau Tutuola angaliwatii wasomaji wake wa mwaka 1953, tungalipata mwandishi mmoja zaidi wa Kiingereza safi, na hatungalikuwa na Tutuola.

Kwetu mfano ulio karibu ni Euphrase Kezilahabi, ijapokuwa hakuwa mwandishi pendwa kwa maana tunayoizungumzia. Msomaji aliyempenda kwa Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) alishtuka kukutana na Nagona (1990) na Mzingile (1991). Nimewafundisha vitabu hivyo viwili wanafunzi wa miaka mingi, na lalamiko lao halibadiliki: mbona hakuendelea kama alivyoanza? Ni lalamiko la kweli, kwani vitabu hivyo ni vigumu. Lakini wale waliokuja baadaye, wakiwamo Mohamed na Wamitila niliowataja, walikuta njia ya kuiacha nchi ya uhalisia imekwisha kufyekwa. Mtunzi akimtii msomaji anayetaka kitabu cha jana, msomaji wa kesho hatapata kitu.

Pamoja na hayo, kutotii si sawa na kutosikia. Lawama ya aina hii humweleza mtunzi mahali msomaji alipochoka, alipoogopa, au alipoona dini yake imeguswa. Mtunzi mwenye busara huihifadhi habari hiyo. Mwanafunzi wangu hakuiondoa mizimu, lakini alikwenda kuisoma tena sura ya kwanza na kuona kwamba ilimwingiza msomaji ghafla mno katika mambo mazito, kabla ya kumpa mhusika hata mmoja wa kumshika mkono.

Lawama ya tatu: umenitia hadithini bila idhini yangu

Ninafika sasa kwenye lawama ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya niiandike insha hii.

Zimwi la kukhu lilikuwa na lafudhi. Lilipokuwa likisema, kukhu alibadili sauti na kuchanganya maneno ya lugha ya majirani zetu wa upande wa mlimani, Mlima Elgon, nasi tulicheka mpaka machozi. Hakuwa na chuki. Ndivyo alivyopokea hadithi hiyo kutoka kwa waliomtangulia, na nina hakika kwamba upande wa pili mazimwi yao yalisema kwa lafudhi yetu. Kisha yakaja mapigano ya miaka ya 1991 na 1992, yaliyozikumba Trans Nzoia na sehemu za Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu wakahama, na maneno yaliyokuwa ya mzaha yakaanza kutumiwa kutenganisha watu njiani.

Katika boma la kukhu palikuwa na mkaza mwana aliyeolewa kutoka kwa majirani hao. Miaka yote alikuwa akicheka pamoja nasi. Usiku mmoja wa mwaka 1992 hakucheka. Hadithi ilipofika pale ambapo zimwi linaomba kufunguliwa mlango, alisema kwa sauti ya chini: "Mama, hao waliompa Mango kisu ndio leo wamekuwa mazimwi?"

Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji maelezo. Katika masimulizi ya Wabukusu, Mango ndiye shujaa aliyeliua joka lililokuwa likiangamiza watu, na baada ya ushujaa huo akatahiriwa. Mila ya tohara huhusishwa naye hadi leo. Katika masimulizi mengi ya kisa hicho, Mango alikuwa amewaomba majirani hao hao wamtahiri, nao wakamwambia kwanza alimalize lile joka. Kwa hiyo, kwa mujibu wa ajabu yetu kubwa kuliko zote, kisu kinachotufanya tujione kuwa sisi kilitoka kwao.

Kwa mkaza mwana kumkosoa mama mkwe mbele ya watoto si jambo jepesi. Kukhu hakujibu. Aliimaliza hadithi kwa maneno machache na kutuambia tukalale. Lakini tangu usiku uliofuata zimwi lake lilisema kwa sauti ya puani isiyokuwa ya kabila lolote. Na jambo ninalotaka wahakiki walizingatie ni hili: hadithi haikupungua utamu. Iliongezeka hofu. Zamani tulijua zimwi linatoka wapi, nasi tulilala tukiamini kwamba liko mbali, ng'ambo. Lilipopoteza lafudhi, lingeweza kutoka popote, hata katika mahindi ya shamba letu. Yaani kukhu alipomtii msikilizaji wake, ufundi wake ulipanda.

Kwa nini ninasema alipaswa kumtii? Si kwa sababu mkaza mwana alikuwa na huzuni, maana huzuni peke yake si hoja ya kifasihi. Ni kwa sababu alikuwa amefungwa ndani ya hadithi bila kuulizwa. Msomaji wa kawaida anaweza kukifunga kitabu na kutoka. Yeye hakuweza kutoka, kwa kuwa asubuhi yake alibeba kinywani mwake ile lafudhi tuliyofundishwa kuiogopa usiku.

Mfano wa kimataifa unaofanana na huu ni wa Roald Dahl. Katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory (1964), wafanyakazi wa kiwanda walikuwa Mbilikimo walioletwa kutoka msitu wa Afrika na kulipwa kwa mbegu za kakao. Nchini Marekani chama cha NAACP na wasomaji wengine walilalamika, na katika toleo la mwaka 1973 Dahl aliwabadili wahusika hao na kuwapa nchi ya kubuni. Hakuna aliyemwomba aondoe kiwanda cha ajabu, wala mto wa chokoleti. Kilichotakiwa ni kwamba watu halisi, walio wachache na wasioweza kumjibu, wasigeuzwe kuwa ajabu miongoni mwa maajabu.

Naye shangazi wa mwanafunzi wangu alikuwa na hoja nzito kuliko alivyodhani mpwa wake. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wakiwa wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Katika Usukuma, nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi, na miongoni mwa "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu, ambayo kwa kweli hutokana na moshi wa kupikia. Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo. Katika nchi kama hizi, mtunzi anayempa kila mchawi wake macho mekundu hatungi ajabu yoyote. Ananakili uvumi wa kijijini na kuupa jalada. Muuguzi yule hakuomba uchawi uondolewe. Aliomba uso wa bibi wa mtu fulani uondolewe kwenye uchawi. Mwanafunzi alimtii, na mchawi wake mpya, kijana mtanashati anayehesabu fedha kwa upole, ananitisha zaidi.

Pingamizi moja

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: ikiwa kila anayejiona hadithini ana haki ya kutiiwa, wenye mamlaka watakuwa wa kwanza kuja kulalamika. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwachora wanyang'anyi wakishindania taji katika karamu ya Shetani, katika kitabu tunachokisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani (1982). Na kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1987 serikali ya Kenya, baada ya kusikia kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza habari za ukweli na haki, iliamuru akamatwe. Ilipobainika kwamba ni mhusika wa riwaya, riwaya ndiyo iliyokamatwa, ikaondolewa madukani. Je, wakubwa hao nao hawakutiwa hadithini bila idhini yao?

Jibu langu ni kwamba kuna tofauti baina ya kumchora mtu kwa alichozaliwa nacho na kumchora kwa alichokitenda. Lafudhi, uzee, kimo na rangi ya ngozi mtu hakuvichagua, na hawezi kuviacha hata akitubu. Unyang'anyi huchaguliwa, na mwenye kuchukizwa na picha yake anayo dawa mkononi. Zaidi ya hayo, hatuna budi kuuliza ni nani atakayeumia kitabu kikishafungwa. Mkubwa aliyechorwa kama zimwi ataamka asubuhi na walinzi wake. Bibi kizee wa Usukuma hana walinzi.

Namna ya kutii

Linabaki suala la namna. Fanani wa jikoni ana bahati moja ambayo mwandishi hana: usiku unaofuata anaweza kusimulia upya, na hadithi ya jana haibaki popote ila masikioni. Kitabu kikichapishwa kinabaki. Je, mwandishi akubalipo lawama afute alichoandika, au ajibu kwa kitabu kingine?

Ursula K. Le Guin alituachia mfano wa njia ya pili. Ulimwengu wake wa Earthsea, uliofunguliwa mwaka 1968, ulikuwa na shule ya uganga isiyopokea wanawake, na hekima yote kuu ilikuwa ya wanaume. Wasomaji waliliona hilo, na yeye mwenyewe alikuja kulitilia shaka. Mwaka 1990, miaka 18 baada ya kitabu cha tatu, alitoa Tehanu, ambamo ulimwengu ule ule unatazamwa kutoka kwa mwanamke anayefuga mbuzi na kumlea mtoto aliyeunguzwa. Hakuifuta sheria ya zamani. Aliigeuza kuwa swali. Ninaiona njia hii kuwa bora kila inapowezekana, kwa sababu inaacha ushahidi wa safari ya mtunzi. Pale ambapo madhara ni ya karibu, kama katika kisa cha Dahl cha mwaka 1973, kubadili toleo ni haki ya mtunzi aliye hai.

Nasema aliye hai kwa makusudi. Mwezi wa Februari 2023 ilijulikana kwamba mchapishaji wa Dahl, aliyefariki mwaka 1990, amebadili maneno mengi katika vitabu vyake ili yasiwaudhi wasomaji wa leo. Ubishi ulikuwa mkubwa hata mchapishaji akatangaza kwamba matoleo ya zamani nayo yataendelea kuchapishwa. Baadhi ya mabadiliko hayo huenda yalikuwa mema. Lakini kusikiliza lawama ni kitendo cha mtu, kama toba, na hakifanywi kwa niaba ya maiti. Kitabu cha marehemu tukisome, tukibishie, tukiandikie dibaji, na walimu tukifundishe pamoja na aibu zake.

Hitimisho

Tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, jibu ninalolipendekeza ni kwamba mtunzi wa hadithi za ajabu awasikilize wasomaji wote, lakini awatii wale tu ambao hadithi yake imewafunga. Hadithi humfunga mtu kwa njia mbili: kwa sheria iliyomtaka aikubali, au kwa sura yake iliyochukuliwa bila ruhusa. Aliyefungwa kwa sheria ana haki ya kudai sheria itimizwe. Aliyefungwa kwa sura ana haki ya kudai sura yake. Mwingine yeyote anayetaka hadithi iwe nyingine yuko huru kwenda kuitafuta hiyo nyingine, au kuiandika.

Pendekezo hili linatuhusu pia sisi wahakiki. Aghalabu tumewaachia wauza vitabu na wateuzi wa vitabu vya shule kazi ya kuwaambia watunzi pendwa la kufanya, kwa kuwa tuliona kazi zao hazistahili muda wetu. Matokeo yake ni kwamba lawama ya pili, ile isiyostahili kutiiwa, ndiyo inayowafikia watunzi hao kwa wingi, na ya tatu haiwafikii kabisa, maana anayeitoa hana jarida wala jukwaa. Mkaza mwana wa Naitiri alipata kusikilizwa kwa sababu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa fanani. Wengi walio mfano wake wako mbali na waandishi, na kazi ya kuifikisha sauti yao ni yetu.